Vyuo vinavyofundisha kutunza maarifa vinaozesha tafiti za wanafunzi wao. Wakutubi wenzangu, tumenyamaza vya kutosha

Wakuu, salaam. Moderita naomba uzi huu msiuunganishe na zile za ada na hosteli, hili ni jambo jingine kabisa.

Nimesoma ukutubi kuanzia cheti hadi shahada ya uzamili na maktaba ndiyo inayonilisha. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa sababu kuna wadogo zangu bado wanasubiri tasnifu zao zisainiwe na sitaki waumizwe kwa maneno yangu. Ila nina hasira, na waliopita fani hii watanielewa kabla sijafika nusu.

Nianze na tasnifu zinazofungiwa. Nilipokuwa naandaa andiko la utafiti kuhusu maktaba za shule za kata, nilitaka kusoma tasnifu za waliotangulia. Sura ya pili yote inakudai uonyeshe wenzako waliandika nini na wakaacha pengo gani. Nikaingia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Nikakuta kichwa cha tasnifu, jina la mwandishi, ikisiri, na faili limefungwa. Ukibonyeza unaambiwa huna ruhusa. Sisi ni wanafunzi wa hapohapo, tumeingia kwa namba zetu za usajili, na hatuna ruhusa. Nakala za karatasi ziko kwenye chumba nyuma ya ofisi, unaingia kwa barua, kupiga picha marufuku. Nyingine zimo kwenye rejesta lakini rafuni hazipo, na hakuna anayejua zilichukuliwa na nani.

Idara hiyohiyo ndiyo inayofundisha somo la hifadhi za kidijitali! Tulisomeshwa DSpace, tukafanyia kazi za vikundi, tukafanyia mtihani. DSpace ni programu ya bure, imetoka mwaka 2002 kwa ushirikiano wa chuo cha MIT na kampuni ya HP, na ilitengenezwa ili kazi za wasomi wa chuo zihifadhiwe na zipatikane. Koha ya kuendeshea maktaba nayo ni ya bure, ilianza kutumika mwaka 2000 kwenye maktaba za wilaya moja ndogo huko New Zealand. Kwa hiyo habari ya kwamba hakuna hela ya programu isiletwe kwenye uzi huu. Nilimuuliza mhadhiri mmoja kwa nini faili zimefungwa, akanijibu wanaogopa wanafunzi watakopi. Turnitin, programu ya kugundua kazi zilizokopiwa, ipo na chuo kinailipia. Isitoshe, tasnifu ikifungiwa ndipo mkopiaji anapostarehe, maana hakuna mtu wa nje atakayeisoma ya zamani akagundua kwamba ya mwaka huu ni ileile. Kanuni ya kwanza ya Ranganathan, yule mkutubi wa India, ya mwaka 1931, tunayokaririshwa tangu ngazi ya cheti, inasema vitabu ni vya kutumiwa. Wanaotukaririsha hawaitekelezi kwenye chumba kilicho hatua chache kutoka ofisini kwao.

Na zinazokopiwa zipo. Nilipofanikiwa kuzisoma baadhi nilikasirika zaidi. Matumizi ya rasilimali za kielektroniki katika chuo fulani. Changamoto za matumizi ya Tehama katika maktaba za mkoa fulani. Mtazamo wa wanafunzi kuhusu huduma za maktaba ya chuo fulani. Badilisha jina la mkoa, badilisha mwaka, tasnifu imekamilika. Matokeo unayajua kabla hujatoka nyumbani: umeme unakatika, mtandao hafifu, bajeti ndogo, watumishi wachache. Mapendekezo nayo unayajua: serikali iongeze bajeti, watumishi wapewe mafunzo. Vijana wa steshenari jirani na chuo wanakuandikia sura tano ndani ya muda mfupi kwa sababu hakuna cha kufikiri, umbo lote wanalo kwenye flashi.

Siwalaumu wanafunzi. Nawalaumu wanaowafundisha kwamba utafiti ni umbo. Chukueni hiki kiunzi cha nadharia kinacholazimishwa kila mahali, ile modeli ya kupokea teknolojia ya Fred Davis ya mwaka 1989. Davis aliipima kwa wafanyakazi wa maabara ya IBM huko Toronto na wanafunzi wa biashara wa Chuo Kikuu cha Boston. Alitaka kujua kwa nini mtu aliyewekewa programu mezani anaitumia au haitumii, akaona mambo mawili yana uzito: mtu anaiona ina faida kiasi gani, na anaiona rahisi kiasi gani. Swali zuri kwa watu wale. Sisi tunaichukua tunaipeleka kwenye maktaba yenye kompyuta moja iliyoharibika, tunawauliza wasomaji kama wanaiona kompyuta kuwa ni rahisi kuitumia, wachague kuanzia moja hadi tano. Wale watu hawajakataa teknolojia, haijawafikia. Nilipolisema hili kwenye uwasilishaji wa andiko niliambiwa nisibishane na nadharia, nichague moja niendelee.

Sampuli ni kilio kingine. Kila mtu ana lile jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linalokuambia uwaulize watu wangapi kati ya wote. Watu 1,000, sampuli 278. Watu milioni moja, sampuli 384. Jedwali lina maana pale tu unapochagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Mwanafunzi wetu anabeba madodoso 278 anayagawa kantini kwa waliokubali kupokea, kisha anaandika kwamba matokeo yanawakilisha chuo kizima. Wasimamizi wanajua na wanasaini. Rasimu inakaa kwao semista nzima, ikirudi imesahihishwa nafasi kati ya mistari na mpangilio wa marejeo. Hakuna aliyeuliza: mwanangu, umegundua nini?

Wakati huohuo wapo waliotuonyesha kwamba fani hii inaweza kuuliza maswali mazito. Elfreda Chatman, msomi mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 2002, aliwafuata wafagizi wa chuo, wanawake wafungwa na bibi vizee kwenye makazi ya wastaafu, akakaa nao, akasikiliza. Akaona kwamba watu wa hali ya chini wakati mwingine wanafichana habari hata wanazozihitaji, kwa kuwa hawamwamini anayezileta na wanaogopa kujulikana shida zao. Jambo hilo dodoso la moja hadi tano lisingeligusa. Nani kwetu amefundishwa kukaa kijiweni na bodaboda, au sokoni na mama ntilie, au zahanati na mjamzito wa mara ya kwanza, ili ajue habari inamfikiaje na inakwamia wapi? Mimi niliambiwa huo ni umbea, na kwamba hauna vigeu vya kupima.

Mada zetu wenyewe ziko tele na zimeachwa. Mpango wa Dewey wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, wa mwaka 1876, umeipa Ukristo namba karibu zote kuanzia 220 hadi 289. Uislamu umewekwa 297, na dini za jadi za Afrika zimebanwa ndani ya 299.6. Maktaba ya Tanga au Unguja, ambayo nusu ya rafu zake za dini ni vitabu vya Kiislamu, inafanya nini? Inabandika namba ndefu kwenye mgongo wa kitabu chembamba, au inajitungia. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Kwenye maktaba ndogo riwaya, tamthilia na diwani zote zinarundikwa hapo, msomaji anatafuta kwa macho. Kila maktaba niliyofanya kazi au kuitembelea ina mtindo wake. Hii ni tasnifu, tena za watu kadhaa, na zingeisaidia nchi nzima kukubaliana. Niliipeleka kama mada. Jibu: haina dodoso, utachambua nini kwenye SPSS, ile programu ya takwimu?

Halafu miswada. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na orodha yake iliandaliwa na J.W.T. Allen ikachapishwa mwaka 1970. Uandaaji wa orodha ya namna ile ni kazi ya mkutubi, na wakutubi tunaowafunza leo hatuwapi nafasi ya kuifanya. Tuna vijana wa Pwani, wa Lindi, wa Pemba, waliosoma madrasa, hati hizo wanazisoma bila shida. Huko makwao kuna masanduku yenye tenzi na barua za kale zinazoliwa na mchwa. Ukimpa mmoja wao mwaka wa kuorodhesha sanduku moja, kueleza kila karatasi ni nini, ya nani, ya lini, umepata utafiti ambao hakuna chuo cha Ulaya kitakachotuzidi. Badala yake anatumwa kuuliza wanafunzi wenzake kama wameridhika na saa za kufunguliwa maktaba. Nikifikiria hili nakosa usingizi, sitii chumvi.

Nilipokwenda kukusanya data kwenye maktaba moja ya mkoa, mama mkutubi aliyenipokea alisoma dodoso langu, akalirudisha mezani. Akaniambia, "Mwanangu, kila mwaka mnakuja. Najaza, mnaondoka. Hata mmoja hajarudi kuniambia mliona nini." Nikamjibu, "Samahani mama, ripoti inakaa chuoni." Akauliza, "Kwa lugha gani?" Nikasema Kiingereza. Akajaza dodoso kwa heshima yote, ukurasa kwa ukurasa, akanipa na maji ya kunywa. Yule mama amehudumia watoto wa mkoa ule tangu wengine hatujazaliwa. Utafiti unaomhusu yeye, maktaba yake na wasomaji wake, haruhusiwi kuusoma.

Kuhusu machapisho niseme kwa ufupi kwa sababu damu inachemka. Kwetu hupati cheti mpaka uwe na makala iliyokubaliwa na jarida. Semista inaisha, hivyo watu wanakimbilia majarida ya kitapeli yanayokubali makala ndani ya siku chache ukishatuma dola. Jina la msimamizi linatangulia, ada analipa mwanafunzi. Aliyeishtua dunia kuhusu majarida hayo ni mkutubi! Jeffrey Beall, wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Denver, aliweka orodha yake wazi hadi Januari 2017. Onyo limetoka kwa mtu wa fani yetu, na idara zetu zinawasukuma wanafunzi hukohuko alikoonya. Wakati AJOL, tovuti ya majarida ya kitaaluma, ipo tangu 1998, ina majarida ya Afrika, likiwamo jarida la maktaba la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Msije mkaniambia fani yetu bado changa. Dewey alifungua shule ya kwanza Columbia, New York, mwaka 1887, na miaka ile waliwafundisha watu hadi mwandiko wa kwenye kadi. Mwaka 1926 fedha za shirika la Carnegie zilianzisha shule ya uzamili Chuo Kikuu cha Chicago, kusudi ukutubi uwe na utafiti wake. Kwetu shule ya Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 1963, Moi wakaanza 1988, chuo cha Bagamoyo mwaka 1989. Miaka yote hiyo wanafunzi wameandika. Wameacha kazi, wamekopa, wamezunguka wilayani kwa nauli zao. Kazi zao ziko wapi?

Ninachodai hakihitaji bajeti ya wizara. Fungueni faili, zote, za mwaka huu na za zamani. Yenye siri za watu ifungwe hiyo peke yake na sababu iandikwe. Kila tasnifu iwe na kurasa mbili za Kiswahili zitakazorudishwa kwenye maktaba iliyotafitiwa, na mwanafunzi asisainiwe bila muhuri wa maktaba hiyo kuthibitisha wamepokea. Msimamizi apewe tarehe ya mwisho kama tunavyopewa sisi. Na mtu akitaka kuorodhesha miswada, au kuandaa faharasa ya magazeti ya zamani, au kukaa na wavuvi, aachwe afanye, apimwe kwa alichogundua.

NYONGEZA: Kuna mkuu amenifuata inbox ananiambia tasnifu ni mali ya chuo na chuo kina haki ya kuifungia. Mkuu, nimesoma kanuni za uzamili za chuo chetu mwanzo hadi mwisho. Zinasema mwanafunzi akabidhi nakala ngumu na nakala laini. Sikuona mstari unaosema nakala laini ifungwe. Kama kuna mhadhiri wa ukutubi au mkuu wa maktaba ya chuo humu ndani, aje kwa jina lolote, aweke hapa kifungu kinachomzuia kufungua faili hizo kesho asubuhi. Na waliokataliwa kusoma tasnifu kwenye vyuo vyao, semeni mliambiwa nini. Nitaandaa jedwali la majibu yenu nilipeleke kwa maandishi panapohusika.