Vuli inakaribia, bustani ya mtaa tuanzie wapi?

mkaziwakino: Wakuu habari, huku Kinondoni tuna bustani ya wazi ya wananchi wote, kiangazi kimeipiga mpaka ukoka umekauka na mabogainvilea yamekuwa kichaka, sasa kabla ya vuli tukate au tusubiri mvua? Inaniuma sana watoto wanacheza kwenye vumbi tupu.

shambaboi_dar: Mkuu bogainvilea kateni sasa hivi, mvua ikija zinachipua upya. Ila mkrismasi msiuguse kabisa!! Ule unatoa maua Novemba na Desemba, mkikata saa hii mmekata maua yenyewe.

mama_miche: Mi naona kwanza mzibue mitaro jamani, maji yakituama ni mbu tu na dengi tulishaiona hapa Dar 2014 na 2019. Halafu udongo uliokanyagwa mpaka umekuwa mgumu utifueni, mwageni samadi iliyooza, mbichi inaunguza mizizi, mvua ikishalowesha chini ndo mpandikize vipande vya ukoka na mzungushie kamba watu wasikatize mpaka ushike.

mkaziwakino: Asante dada, kamba hatukuifikiria kabisa. Jumamosi tunaanza na mitaro, samadi ya ng'ombe naipata wapi kwa bei nzuri?

shambaboi_dar: Ulizia kwa wafugaji Goba.