Programu za tamthilia za shangazi zinapata kutu, nisaidieni

ngambo_unguja: Asalaam alaykum jamani, shangazi kasoma Uingereza miaka ya 80 karudi na kasha zima la programu za tamthilia, vile vijitabu unavopewa mlangoni, na vingi ni vya Siren, kundi la tamthilia la wanawake wanaopenda wanawake wenzao lilioanza Brighton 1979. Sasa masika haya pini zishafanya kutu na karatasi zinanuka uvundo, nifanyeje?

wete_moja: Waalaykum salaam. Kwanza usianike juani, wino utapauka. Pini zinyanyue taratibu kwa kisu butu, usivute, kisha tia uzi wa pamba palepale kwenye matundu. Selotepu marufuku! Na kulaminisha ndo kuua kabisa, hakutoki tena. Kasha liweke juu, mbali na ukuta, chumba chenye upepo.

mkunazini: Tena usitupe hata kilochanika. Makundi yale yalicheza kumbi ndogondogo na tamthilia nyingi hazikuchapwa kitabu, kwahiyo nani kacheza, nani kapiga muziki, kiingilio bei gani, pengine kimebaki humo tu. Mie roho inaniuma nkifikiria vilokwisha potea. Piga picha kila ukurasa, hata matangazo ya nyuma.

ngambo_unguja: Ahsanteni sana, naanza leo usiku. Shangazi mwenyewe kaandika kwa penseli pembeni, nisifute?

mkunazini: Usifute hata nukta!