Mchumba wangu anataka nisaini kampuni ya zabuni kabla ya arusi

Mhasibu wa Kileleshwa: Mchumba wangu ni afisa wa ngazi ya juu katika kaunti moja na anajipanga kugombea ubunge mwaka wa 2027. Kwao ni Muthaiga, mtaa wa matajiri jijini Nairobi, na mahari imeshapelekwa. Juzi aliniletea fomu za kusajili kampuni ambayo mimi nitakuwa mkurugenzi na mwenye hisa wa pekee, nami nikafahamu kwamba kampuni hiyo itaomba zabuni katika idara yake mwenyewe. Nilipomhoji, alisema kwamba mke asiyemwamini mumewe hawezi kumfikisha Bungeni. Nampenda, na sitaficha kwamba hayo maisha ya kuitwa mke wa mheshimiwa nayatamani. Nikisaini, nitakuwa nimejiingiza katika nini?

Wakili Mstaafu: Dada, ya mapenzi nawaachia wengine. Karatasi ya CR12, ile ya msajili wa kampuni inayotaja wakurugenzi na wenye hisa, itaonyesha jina lako, si lake, na kwa kuwa tangu 2020 kampuni hutakiwa kumtaja mmiliki halisi, utakuwa umemdanganya msajili siku hiyo hiyo ya kwanza. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinairuhusu EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kudai katika Mahakama Kuu mali ambayo mtu ameshindwa kuieleza, hata kama hajahukumiwa kwa kosa lolote, na mali anayoshikiwa na mwingine huhesabiwa kuwa yake. Nyumba inaweza kuchukuliwa, nawe ukabaki na sahihi zako kwenye hundi. Tena wewe ni mhasibu. Hakimu gani atakubali kwamba hukuelewa hesabu?

Mjenzi wa Runda: Msimtishe. Nusu ya majumba ya huku yamejengwa kwa zabuni, na wenyewe wanalala usingizi.

Wakili Mstaafu: Wanalala mpaka akaunti zifungwe kwa amri ya mahakama.

Aliyewahi Kuolewa Huko: Mwulize kwa nini asimwandikishe dada yake. Katika familia hizo jina la binti wa nyumbani halichezewi. Hutumiwa la aliyeolewa, kwa sababu siku ya kesi ni rahisi kusema kwamba mgeni ndiye aliyewaponza.

Mhasibu wa Kileleshwa: Nimemwuliza. Amejibu kwamba dada yake ana watoto, hawezi kumweka katika hatari kama hiyo. Fomu namrudishia bila sahihi. Sasa nishaurini kuhusu arusi: niiahirishe, au nimwombe baba arudishe mahari?