Filme za historia ya Marekani na bitabu byake: tuanze na gani?

MwanaKatuba
Jambo yenu bote. Mi niko hapa Lubumbashi, ku Katuba, na kila siku ya posho (jumamosi) tunaonyeshaka filme mu sali moja ya parokia, batu kama makumi tatu, bengi ni batoto ba lise (sekondari). Karate ilituchosha, njo tukasema tuangalie kidogo bitu ya historia. Kuko ndugu moja alituletea kle USB yenye kujaa dokimantere za Marekani, zile ndefu ndefu za vipande tisa, kumi, masaa na masaa, na naona kila moja iko na kitabu yake kikubwa yenye ilitoka pamoja na filme. Kwanza, tuanze na gani juu batu basilale? Pili, kile kitabu iko na kazi kama umeisha kuona filme, ao ni paka kurudilia maneno ile ile na picha ya muzuri?

Na kuko ingine. Babu yangu, Mungu amupokee, alikuwaka anasema Louis Armstrong, ule Mumarekani wa jazz, alikuya kupiga tarumpeta yake hapa hapa, wakati muji ilikuwa inaitwa Elisabethville. Siye bajukuu tulikuwa tunamucheka. Kuko filme yenye kuongelea ile mambo?

Mwalimu_Kampemba
Muombeni mzee msamaha, alisema kweli. Armstrong alifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwisho wa mwezi wa 10 mwaka 1960, mwezi wa 11 akapiga huku Elisabethville, na safari hiyo ya huku Kongo ililipwa na serikali ya Marekani. Wakati anapuliza, Lumumba alikuwa amezungukwa na askari nyumbani kwake Léopoldville, na miezi haikuwa mingi akaletwa huku kwetu akauawa, tarehe 17/1/1961. Filme inaitwa Soundtrack to a Coup d'Etat, ni ya Mbelgiji Johan Grimonprez, 2024, saa mbili na nusu. Kitabu cha kusoma pembeni yake ni My Country, Africa ya Andrée Blouin, yule mama aliyekuwa mkuu wa protokoli wa Lumumba, maana filme yenyewe inachota maneno yake mule. Lakini usianze na hiyo! Inaruka ruka, mara jazz, mara ONU (Umoja wa Mataifa), mara Khrushchev, mkubwa wa Warusi wakati ule, mtoto wa lise atakuuliza nani ni nani mpaka uchoke.

Anza na Eyes on the Prize, ya Henry Hampton, Mmarekani mweusi, inayoeleza namna weusi wa Marekani walivyopigania haki zao. Vipande 6 vilionyeshwa 1987, vingine 8 vikafuata 1990, kila kimoja saa moja tu, kwa hiyo hata umeme wetu huu unaweza kukuvumilia ukamaliza. Cha kwanza kina habari ya Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, na ya mjomba wake mzee Mose Wright, aliyesimama mbele ya korti akasonta kidole kwa wazungu waliokuja usiku kumchukua mtoto nyumbani kwake. Mzee mweusi, Mississippi, 1955! Na bado baraza la wazungu watupu liliwaachilia wale watu, halikuchukua hata saa mbili.

Sasa kuhusu kitabu. Kile cha Juan Williams kinafuata vipande 6 vya kwanza na kinaishia 1965, ni kizuri kwa tarehe na picha. Mimi lakini nakipenda Voices of Freedom, ambacho Hampton aliandika na Steve Fayer, kwa sababu kimejaa maneno ya mashahidi wenyewe. Ndani ya filme mtu anaongea kidogo wanamkata, saa inakimbia. Ndani ya kitabu wanamwacha amalize. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawajui, ile filme ilipotea kabisa kwenye televisheni kwa miaka, sababu haki za muziki na za picha za zamani ziliisha na kuzilipia upya ni pesa nyingi, ikarudi 2006. Miaka yote ile kitabu kilikaa kwenye kabati ya kila mtu, hakuna aliyekuja kukidai.

YayaWaKenya (Kenya komine yetu, si inchi, musianze tena)
Mwalimu anasema vizuri lakini mi naongeza The Civil War ya Ken Burns, 1990, vipande tisa, masaa kumi na moja na kitu. Angalia namna alifanya: ile vita ya Bamarekani benyewe kwa benyewe, kaskazini na kusini, ilikuwa 1861 mpaka 1865, kamera ya sinema haikukuwako bado, kuko paka foto zenye kusimama. Sasa yeye anatwala foto moja ya basoda, kamera inatembea polepole, inaanzia ku viatu, inapanda ku mukono, inafika ku macho, na chini kuko violoni inalia na mutu anasoma barua, weye uko unaona kama ule soda anapumua. Barua ya Sullivan Ballou kwa bibi yake, aliiandika 14/7/1861, kisha wiki moja akaumizwa mu vita akakufa. Mi nililia, na bwana yangu alinicheka.

Kitabu ya ile filme ni Geoffrey Ward njo aliandika, pamoja na Ken Burns na ndugu yake Ric. Foto zenye ku ekrani zinapita, pale unaweza kukaa nayo siku muzima. Kwa batoto ba lise shida ni kingereza. Ile ya vita ya Vietnam, 2017, ya Burns na Lynn Novick, ilipita ku televizyo Arte, njo kusema kifaransa yake iko, tafuta ile.

Fundi_Redio
Mi leka niharibu sherehe kidogo. Mu The Civil War mutu mwenye kuongea kupita bote ni Shelby Foote, mwandishi wa romani wa ku Mississippi, anaongea tamu tamu sawa babu ku moto, na mama Barbara Fields, profesere mweusi mwenye kusema wazi vita ilikuwa juu ya butumwa, yeye anapata vidakika tu. Mupime na saa, mutaona. Muonyeshe batoto na ile, banapashwa kujua filme iko na mutu mwenye alichagula nani aongee.

Kisha musisahau bombe ya Hiroshima, uranyumu mingi yenye Bamarekani batumikishaka ilitoka Shinkolobwe, hapa hapa Katanga. Kila filme ya ile mambo naangaliaka kama banataja jina yetu ao banapita mbio.

MwanaKatuba
Aksanti bakubwa. Posho yenye kupita tulionyesha kipande ya kwanza ya Eyes on the Prize, mi nasimama mbele natafsiri ku kiswahili, nilikosa koo kabisa. Mzee anasimama mu korti, anasonta kidole, paaa umeme inakatika. Hakuna mutu alitoka. Tukakaa mu giza na tochi za telefone, nikamalizia na mudomo tu, na kwanza batoto balikatala kama balibaachilia, banasema ninabongopea. Kiisha mama moja mwenye anauzishaka mikate ku mulango, mi nilizania ata haangalie, akauliza: na ule muzee, ile usiku kiisha kusonta batu kidole, alienda kulala wapi? Nilikosa cha kujibu. Mwalimu, iko mu kitabu?

Na mwenye anapitaka Kasumbalesa aniangalilie ile Voices of Freedom ku Ndola, kule Zambia, ata ya zamani, ata bila karatasi ya juu.

Mwalimu_Kampemba
Mwambie mama kwamba mzee hakuendelea kuishi kule. Alihamia Chicago. Mwanangu anashuka Ndola wiki kesho, nitampa jina la kitabu.