Naanza safari ndefu za semi kutoka Mwanza, nibebe nini?

kijana_wa_Nyegezi
Wakuu habari zenu. Nimeendesha Kanta, lori dogo, miaka minne, nabeba dagaa toka Mwaloni Kirumba mpaka Shinyanga au Kahama, alfajiri naondoka usiku nalala kwangu. Sasa nimepata kazi ya semi, lile lori kubwa la kuvuta tela, leseni daraja E ninayo, bosi anasema tunaanza na Dar halafu mzigo wa kutoka kule unaweza kwenda moja kwa moja Kigali kupitia mpaka wa Rusumo. Sijawahi kulala kwenye gari hata siku moja. Mke wangu ananiuliza anifungashie nini sina jibu, begi lina nguo tu mpaka sasa. Naondoka jumatatu. Vitu gani ni vya lazima maana kabini sio chumba na nipo na tandiboi, msaidizi wangu?

Mzee_wa_Tinde
Hongera mdogo wangu. Nina miaka 19 kwenye semi na wanaoanza wengi nawaona wanafungasha kama mtu wa kwenda, wakati shida za dereva zinamkuta amesimama. Foleni ya mpakani, kusubiri kushusha mzigo, gari kuharibika porini katikati ya Igunga na Singida saa nane usiku, hapo ndo utajua umebeba nini.

Anza na maji. Dumu la lita 20 la kunywa na jingine la kuoga na rejeta, weka alama msije mkachanganya. Chakula beba unga, mchele, chumvi na dagaa waliokaangwa wakakauka kabisa, hao wanakaa siku nyingi bila friji, nyanya na vitunguu utanunua njiani. Mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili zinatosha. Mnapikia nje, mbali na tenki la mafuta, na jiko la mkaa usiingize kabini hata kama kuna baridi kiasi gani, hewa yake inaua mtu akiwa amelala, hilo nakuomba sana.

Halafu tafuta kibao cha kuweka chini ya jeki. Mwaka 2011 tairi la tela lilinipasukia nikiwa nimemaliza mteremko wa Sekenke, mvua imenyesha, jeki ninayo, spana ninayo, bomba la kurefushia spana ninalo, ila kila nikipampu jeki inazama kwenye tope, tela halinyanyuki hata inchi. Tulikaa pale mpaka kesho yake saa nne asubuhi, mzee mmoja mchunga ng'ombe akaona tunavyohangaika akarudi kwake akatuletea kipande cha mninga, nusu saa tukawa tumemaliza. Kibao kile ninacho mpaka leo, nikihama gari nahama nacho.

fundi_umeme_Igoma
Mzee kamaliza, mi naongezea ya gari. Moto wa semi ni volti 24, kwahiyo mkeo asinunue chaja ya gari ndogo ya volti 12 itaungua siku ya kwanza, soma iandikwe 12 mpaka 24. Beba fyuzi, balbu za taa za nyuma, belti, na hosi ya upepo na koneksheni zake. Hiyo hosi usiidharau, breki za semi upepo ukiisha zinajifunga zenyewe, hosi ya elfu chache ikipasuka unalala barabarani na mzigo wa watu. Pembetatu za riflekta beba zaidi ya mbili, na mtungi wa kuzimia moto angalia mshale kabla hujatoka, usikubali tu kuambiwa upo.

mama_wawili
Shemeji mimi mume wangu yupo njia hiyo hiyo ya Rusumo, begi lake nafungasha mimi. Usifungashe kwenye mifuko ya plastiki, Rwanda waliipiga marufuku toka 2008 na mpakani wanaikagua, tumia kapu au kiroba. Weka chandarua, shuka mbili, kandambili, sweta, tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru. Dawa weka Panadol, ORS, bandeji na zile unazotumia kila siku kama unazo, ila mseto wa malaria usimeze kwa kuhisi tu, pima kwanza.

Pasi ya kusafiria, leseni na kitambulisho toa kopi mbili, moja anabaki nayo mkeo. Na namba za simu mwandikie kwenye karatasi. Wangu simu iliibiwa amelala, siku tatu sijui yuko wapi, hakuna namba hata moja aliyoikariri, nililia sana.

Kadi ya njano unayo?

kijana_wa_Nyegezi
Dada asante. Kadi ya njano bosi kasema ipo kwenye gari.

mama_wawili
Hapana shemeji, hiyo ni ya bima ya COMESA, ya gari. Mimi nasema ya chanjo ya homa ya manjano, yenye jina lako. Unachanjwa mara moja tu maisha yako yote lakini inaanza kuhesabika baada ya siku 10, na Uganda na Kongo wanaidai, sasa wewe mzigo unaofuata huujui unaelekea wapi. Nenda kesho usingoje mpaka mrudi.

Mzee_wa_Tinde
Yuko sahihi kabisa. Na ukishavuka Rusumo unahamia kulia, wenzetu wanaendesha upande huo. Usukani wako upo kulia pia, kwahiyo kuovateki huoni kitu mbele, tandiboi ndo macho yako, kama naye hajafika huko usiovateki kabisa. Saa zao ziko nyuma saa moja, usije ukachanganya muda wa kushusha. Usingizi ukikubana paki sehemu yenye watu ulale, mirungi na vidonge vya kukeshea achana navyo hata ukipewa bure.

kijana_wa_Nyegezi
Nimewasoma wote wakuu, asanteni sana. Kibao nimekatiwa na seremala hapa mtaani, kinene kama tofali. Chanjo naenda kesho saa mbili, mke wangu saa hizi yuko jikoni anakaanga dagaa.