Tabora kwenda Kigoma na IST: nipite Kaliua au nizungukie Nyakanazi?

mtoto_wa_ipuli: Wakuu habari. Ijumaa natoka Tabora mjini nampeleka bi mkubwa Ujiji kwa dada yake, gari ni IST iko chini kweli na mgongo wa mama hautaki kurushwarushwa. Jamaa mmoja kanambia nipite Urambo, Kaliua, Malagarasi nitokee Uvinza, mwingine anasema nizungukie Nzega, Kahama, Nyakanazi halafu nishuke Kibondo na Kasulu. Mimi Kaliua nilipita enzi za vumbi, tena masika, sitaki hata kukumbuka. Ipi salama?

mgebuka_mkavu: Kaliua mkuu. Ya Nyakanazi inamfaa anayetoka Kahama au Mwanza, wewe upande kaskazini weee halafu ushuke tena ya nini? Ulizia tu madereva wa mabasi hapo stendi kuhusu kile kipande cha Malagarasi–Uvinza, kilomita 51, maana ndo kilichelewa kupata lami kuliko vyote.

tela_mbili: Mi hiyo njia napiga na semi. Niseme ukweli, enzi za vumbi tulikuwa tunakwama, tunalala porini, ila kugongana uso kwa uso ilikuwa nadra, unakimbia wapi na makorongo yale? Sasa lami imekuja mtu anapita katikati ya kijiji na 120 wakati kwenye makazi mwisho ni 50, na sisi wakubwa na mabasi hata huku nje mwisho 80. Usiku usiende kabisa. Lami inabaki na joto la mchana kwahiyo mbuzi na ng'ombe wanakuja kulala juu yake, we unakuja na taa zako umeshapigwa fulu na mwenzio unashtukia pembe hizi hapa. Na baiskeli za mkaa, hazina taa wala rifleka.

shokapu: Wangepunguza na hizo rasta, yale matuta madogomadogo ya mfululizo, zinamaliza magari yetu bana

binti_kasulu: @shokapu bora rasta, unasikia mlio unaamka. Kijijini kwetu mtoto aligongwa, watu wakadai tuta wakaletewa kweli, tuta limekaa kama kaburi, halina kibao halina rangi, wiki hiyohiyo bodaboda akaruka nalo akavunjika mkono. Tuta bila kibao ni mtego. Mchora zebra akija na kibao kikiwekwa mbali kidogo dereva apate nafasi ya kupunguza, nani atalalamika?

tela_mbili: Umenena dada. Na vibao vyenyewe wenye vyuma chakavu wanang'oa.

mtoto_wa_ipuli: Basi Kaliua, natoka saa 12 asubuhi. Mafuta najaza wapi?

mgebuka_mkavu: Toka nayo fulu hapo mjini, ongezea Kaliua. Ukipita Urambo nibebee asali, nitakupa samaki migebuka ukifika Mwanga hapo Kigoma.