Naomba ushauri: sauti inashuka kwenye Ave verum corpus

Wapendwa wanakwaya, shalom. Kwaya ya parokia hapa Jinja inaandaa tamasha la muziki mtakatifu. Tupo 24: wanawake ni soprano 9 (sauti ya juu) na alto 8 (ya chini), wanaume ni tena 3 (sauti ya juu) na besi 4 (ya chini). Ave verum corpus, wimbo wa Kilatini wa Ekaristi uliotungwa na Mozart (1791), ina bari (vipimo) 46 tu za muziki, lakini ni ya polepole, na pumzi ikiisha sauti inashuka chini ya noti inayotakiwa.

Tatizo kubwa liko kwenye "cujus latus perforatum". Hapo wimbo unahama ufunguo (key), kutoka A meja kwenda F meja, C kali (C#) inageuka C ya kawaida. Wengi wetu tunasoma solfa (do, re, mi), kwa hiyo "do" ikihama, alto wanabaki kwenye "do" ya zamani. Je, tuwaandikie noti ya daraja, yenye majina mawili ya solfa, au tuwafundishe sehemu hiyo kwa kinanda tu?

La pili: kwenye "Esto nobis" wanawake wanatangulia, wanaume wanafuata. Tena 3 wanamezwa kabisa. Niwahamishie alto wawili wenye sauti nzito, au nipunguze soprano? Kupunguza kunaniuma, maana mwisho wa "in mortis examine" unahitaji pumzi ya kupokezana (mmoja akivuta pumzi, wengine wanaendelea kuimba).

Umeme ukikatika, kinanda kinazimika. Mnashikaje ufunguo wa wimbo bila kinanda?